Mistari Isiyojua Bamvua

Bamba la chuma limepigwa wima mchangani. Nje maji yamesimama, ndani shimo limechimbwa, na chini yake mistari ya penseli inapinda na kukatana kwa pembe mraba. Huo ndio wavu wa mtiririko, ambao Arthur Casagrande aliueneza miongoni mwa wahandisi kwa makala yake ya 1937. Seti moja ya mistari hufuata njia ya maji. Nyingine huonyesha msukumo wake unavyopungua.

Uzuri wa mchoro huu uko mahali unapolipeleka jicho. Mchimbaji huutazama ukuta, akihofia maji yatakayopenya kwenye maungio ya mabamba. Mistari humpeleka kwingine: inashuka, inazunguka ncha ya bamba, kisha inapanda kwenye sakafu ya shimo, na miraba yake husongamana karibu na chuma. Pale ilipo midogo sakafuni, msukumo unapotea ndani ya safari fupi, na hapo ndipo mchanga huanza kuchemka, yaani kuinuliwa na maji yanayopanda.

Tuusome mchoro huu Bodo, pwani ya kusini ya Kenya, wanakopandia mashua waendao kisiwa cha Funzi. Tuseme shimo lingezungushiwa mabamba ndani ya maji, na bamvua ikijaa maji ya nje yawe juu ya yale ya ndani kwa mita 4. Wavu wenye hatua 10 hupoteza mita 0.4 kila hatua. Mraba wa mwisho ukiwa na urefu wa mita 0.5, kila mita ya safari inabeba msukumo wa 0.8. Mchanga wa kawaida hupoteza uzito wake msukumo huo ukikaribia 1. Maji yakipwa kwa mita 3, 0.8 hiyo hushuka hadi 0.2. Lakini mistari haisogei hata kidogo! Umbo lake hutokana na jiometri peke yake. Kimo cha maji hakimo, wala wepesi wa mchanga kupitisha maji.

Hiyo ndiyo nguvu ya umbo hili, na ndipo ninapolilaumu. Mchoro mmoja unatosha kwa maji kujaa na kupwa, kwa hiyo unaonekana mtulivu saa ile ile sakafu inapokaribia kuinuka. Tena unadhani ardhi ni ya namna moja. Anayejua mapango ya Shimoni anajua matumbawe ya pwani hii yana mianya, na maji yakipata mwanya hayafuati mikunjo laini ya penseli.

Kinga zipo: kupiga mabamba kwa kina zaidi hurefusha safari ya maji, na kokoto za kuchuja huongeza uzito juu ya sakafu. Hayo yote wavu huyaeleza vyema. Ningetaka tu kila mchoro uandikwe pembeni kimo cha bamvua uliohesabiwa nacho, na mabomba ya kupimia msukumo yasomwe chini ya sakafu maji yanapojaa, kabla pampu haijateremshwa zaidi.