Kila Betri na Zamu Yake

Ukiacha barabara Ganze ukaingia ndani mashambani, utakuta paneli ya sola juu ya bati na betri pembeni mwa chumba. Betri hiyo ikichoka, mwenye nyumba hununua mpya, na kwa kuwa kuitupa ile kuukuu kunamuuma, huziunga pamoja: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Fundi hodari humkataza. Sababu zake ni nyingi, ila mimi napenda ile inayotoka kwenye kanuni ya supaposisheni.

Tuseme mpya ina volti 12.5 na kuukuu imebaki na 10. Kila moja, pamoja na waya zake, ina ukinzani wa omu 1 (nimeukuza makusudi, hesabu itoke safi), na zote zinalisha mzigo wa omu 12. Kanuni inasema: zima moja, uisikize nyingine. Kuzima huku ni kuziondoa volti tu na kuweka waya mtupu mahali pake; ukinzani unabaki. Ni kama baraza la wazee wa kaya: anayenyamazishwa ili mwenzake aseme hatoki barazani.

Mpya ikipewa zamu, hutoa ampea 6.5, mzigo hupata 0.5, na 6 huzama ndani ya kuukuu. Kuukuu nayo hutoa 5.2, mzigo hupata 0.4, na 4.8 huingia kwenye mpya. Sasa jumlisha, ukichunga mwelekeo. Mzigo una 0.9. Mpya: 6.5 toa 4.8, yaani 1.7. Kuukuu: 5.2 toa 6, yaani hasi 0.8. Alama hiyo ya kutoa ndiyo hoja ya fundi. Kuukuu hailishi, inanyonya, tena karibu nusu ya kinachotolewa na mwenzake. Ing'oe kabisa, na mzigo utapata ampea 0.96.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba zile ampea 6 hazikupita katika waya wowote. Hakuna mita itakayozionyesha. Ni mikondo ya kuwazia, lakini jumla yake ni mkondo halisi. Hermann von Helmholtz, Mjerumani aliyesomea udaktari, aliieleza kanuni hii mwaka 1853, na bado haijahitaji kiraka.

Ina mipaka, naam. Nguvu hazijumlishwi hivi: zamu ya kwanza huupa mzigo wati 3, ya pili 1.92, ilhali kwa kweli mzigo unakula 9.72, kwa kuwa nguvu hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Na paneli yenyewe, kama ilivyo taa ya LED, haiingii kabisa katika kanuni hii. Volti zikiongezeka maradufu, mkondo haufuati kwa kiasi hichohicho. Hapo mhandisi huchora grafu ya paneli na ya mzigo kwenye karatasi moja, akatafuta zinapokatana.