Katuni na Usemi wa Vijana wa Kasulo

Wazee wetu wanalalamika kwamba vijana wa Kasulo wameharibu Kiswahili. Tunaomba wasomaji wapendwa watazame kwanza picha, kiisha wahukumu. Usemi wa kijana ukiandikwa peke yake unaonekana takataka: Kifaransa kidogo, Kilingala kidogo, Kiswahili kilichokatwa. Lakini mu katuni, ile tunaita bede, tunaona nani anasema, anasema na nani, anacheka ao anaogopa. Hapo neno linapata maana yake.

Jambo hili si jipya. Kinshasa, mwishoni mwa miaka ya 1960, gazeti Jeunes pour Jeunes lilipendwa sana juu ya polisi wake Apolosa na juu ya hindubill, usemi wa vijana wa mji ule. Kwetu Katanga, mu miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi kwa picha karibu mia moja. Maandishi ndani ya picha yalikuwa zaidi ya Kifaransa, lakini alipozieleza kwa mtaalamu Johannes Fabian, alisema Kiswahili cha Lubumbashi. Picha njo ilifungua kinywa.

Lakini tuna lawama moja. Mara nyingi mu vijitabu vya mafundisho, kijana mwema anasema Kiswahili cha kitabu. Mlevi na mwizi njo wanapewa maneno ya barabarani. Kijana anayesoma anajifunza nini? Kwamba luga yake ni ya wahuni. Kumbe kreseri anayelisha wadogo wake anasema vilevile. Shujaaz ya Kenya, iliyoanza 2010, ilifanya vizuri zaidi: DJ Boyie, kijana bila kazi mwenye redio ya kujificha, ni shujaa, na anasema Sheng.

Mu darasa kazi ni nyepesi. Mwalimu achore kijana mmoja mara mbili, aache nafasi ya maneno wazi, wanafunzi wajaze. Mbele ya rafiki wataandika: «Vié, makuta iko?» Mbele ya mama: «Mama, unipatie tule tumakuta.» Ile «tu» ndogo ni heshima, inapunguza ombi ili lisiwe amri. Mtoto anayejua kupima vile hajaharibu luga. Kutoka hapo tumwonyeshe namna ya tatu, Kiswahili cha kuandika barua.

Tunasema haya juu ya jambo kubwa. Tangu kobalti ionekane chini ya nyumba za Kasulo mu 2014, watoto wengi wameacha masomo na kushuka mu mashimo. Hofu yao, deni zao, ajali za wenzao, wanazisema kwa usemi ule ule tunaokataza mu darasa. Tukiwafunga kinywa, tutajua habari zao siku ya matanga.

Basi wachoraji wa Kolwezi watuchoree Kasulo, na maneno waachie vijana wenyewe wayaandike.