Kuganda, Kukwama na Kuzimia: Maneno ya Maradhi ya Seva

Katika kazi ya kukuza istilahi za lugha yetu tumezoea kushughulikia kwanza majina ya vitu. Kompyuta peke yake imekwisha kupata majina matatu, yaani kompyuta, ngamizi na tarakilishi, na wino mwingi umemwagika juu ya lipi lifaalo. Maradhi ya mtambo huo hayakupata bahati hiyo. Kitu kimoja kina majina matatu, na hitilafu tatu zina jina moja. Kasoro hiyo ndiyo tunayokusudia kuijadili hapa, kwa mfano wa seva kuukuu ya nyumbani.

Neno seva lenyewe hatuna ugomvi nalo. Atakayetaka kulifasiri kwa ‘mtumishi’ ajaribu kwanza kutangaza sokoni Bukoba kwamba mtumishi ameganda tangu jana, aone kama wasikilizaji watafikiria mtambo au ofisi ya serikali.

Tuchukue nyumba moja ya Muleba, iliyo katikati ya migomba na mibuni ya kibanja. Kompyuta ya mezani iliyostaafishwa ofisini imewekwa pembeni, bila kiwambo wala kibodi. Ndani yake zimo picha za arusi na za maziko, nakala za hati za kibanja, na hesabu za mauzo ya kahawa, na watu wa nyumbani huzifikia kwa simu zao. Siku nne ni nzima, siku ya tano haijibu. Huwashwa upya, ikakaa wiki mbili, kisha mambo ni yale yale. Mwenye nyumba humpigia simu fundi aliyeko Bukoba mjini, akasema: “Seva imeganda.” Fundi asiye na maelezo zaidi ya hayo hushawishika kutumia dawa ya jumla, yaani kufuta diski yote na kupanga programu upya. Hitilafu pengine ilikuwa katika waya. Picha na hati, kama hazina nakala kwingine, ndizo zimekwenda.

Hapana shaka kitenzi ‘kuganda’ kimefasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, nacho kimeenea kiasi kwamba hatutarajii kukiondoa vinywani mwa watu. Lakini tukitazame kwa macho ya Kiswahili. Maziwa huganda, damu huganda, samli huganda asubuhi ya baridi. Katika hali zote hizo kitu cha majimaji hubadilika polepole na kuwa kizito, na mara nyingi kikipata joto huyeyuka. Mtambo wetu haubadiliki polepole, wala hauyeyuki ukiachwa juani. Tena kuganda ni kushikamana, kama kupe na ng’ombe. Sitiari hii basi haimwambii fundi lolote juu ya kilichotokea. Vijana wanaosema ‘imestaki’ hawajaboresha mambo. Wamebadilisha ukungu kwa ukungu.

Lugha yetu inavyo vitenzi vinavyotenganisha mambo, navyo vilikuwapo kabla ya kompyuta. Cha kwanza ni kukwama. Gari lililokwama katika matope ya masika injini yake inanguruma na magurudumu yanazunguka, ila halisogei. Iko seva ya namna hiyo. Ukiipigia hodi kwa mtandao huitika karibu, bali mlango haufunguliwi, na taa ya diski yaweza kuwaka mfululizo. Hapo washukiwa ni diski inayorudiarudia kusoma sehemu iliyoharibika, kebo yake, au kumbukumbu iliyojaa hadi mtambo ukaanza kuitumia diski badala yake. Fundi ataomba kwanza ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, aangalie idadi ya sehemu zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa.

Cha pili ni kuzimia. Aliyezimia yupo, anapumua, lakini hasikii. Seva iliyozimia feni yake inazunguka na taa ya umeme inawaka, ila haiitiki hodi, na ukichomeka kibodi na kubonyeza kitufe cha herufi kubwa, kitaa chake hakibadiliki. Hapa diski si mshukiwa wa kwanza. Hutazamwa vipande vya kumbukumbu, ambavyo hupimwa usiku kucha kwa programu maalumu, kisha hutolewa kimoja baada ya kingine. Hutazamwa pia kapasita za ubao mkuu na za kisanduku cha umeme, kwani nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa mbovu na huvimba vichwa. Na kuna sababu ya ajabu zaidi: vichakataji vya Intel vya jamii ya Bay Trail, vilivyotolewa mwaka 2013, vilijulikana chini ya Linux kwa kuzimia mtambo ukiwa hauna kazi, kwa kuwa viliingia usingizi mzito visiamke. Dawa ilikuwa kuviwekea mpaka wa kina cha usingizi, amri ya mstari mmoja. Angefuta diski mara kumi asingeponya.

Cha tatu ni kuzimika, yaani kufa kama taa. Mtambo uliozimika kisha ukajiwasha huonekana kwa mwenyewe kama ulioganda tu; muda uliopita tangu uwashwe ndio hufichua siri. Sababu ni umeme wenyewe, au joto: kichakataji kilichozibwa na vumbi hupunguza mwendo, na kikizidi kuchemka hujizima ili kisiungue. Mashina ya kuzima, kuzimika na kuzimia ni jamaa, nasi tunaonelea undugu huo ni faida kwa mwanafunzi.

Kasoro ya pili ni neno kumbukumbu. Fundi anayeambiwa “angalia kumbukumbu” apime kile kipande cha ubaoni au asome orodha ya matukio? Tunapendekeza kumbukumbu ibaki kwa kipande, na orodha ya matukio iitwe batli, neno la mabaharia kwa daftari la safari ya chombo. Watu wa Bukoba na Kemondo, waliozoea meli za Mwanza, hawatashindwa kuelewa. Nahodha huandika batli akiwa hai. Batli iliyokatika ghafla bila lalamiko lolote huelekeza kwenye kuzimia au kuzimika. Iliyojaa malalamiko ya diski huelekeza kwenye kukwama.

Lakini batli husomwa kwa saa, na hapo pana mtego. Mwenye nyumba husema saa 10 alfajiri. Kwa tarakimu za mtambo hiyo ni 04:00. Seva nyingi huandika kwa saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, yaani 01:00. Watu watatu watatafuta tukio moja mahali patatu. Na betri ndogo ya saa ikiwa imekufa, kila umeme unapokatika tarehe hurudi miaka mingi nyuma, hata batli ya jana ikaonekana ya zamani. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ngurumo za ziwani hupenda usiku na alfajiri. Asiyejua saa ya kweli hawezi kuamua kama radi ilihusika.

Kwa sababu hiyo tunashuku hata maneno ‘kuganda ovyo’. Mfumo wa Debian kwa miaka mingi ulikuwa na desturi ya kukagua safu za diski Jumapili ya kwanza ya mwezi, dakika chache kabla ya saa 7 usiku. Diski dhaifu ingekwama saa hiyo kila mwezi, na asiyeandika tarehe angeapa kwamba hakuna utaratibu. ‘Ovyo’ lisitumike mpaka matukio kadhaa yameandikwa na kulinganishwa.

Limebaki jina la kazi yenyewe. Wafasiri wengi huandika ‘utatuzi’. Fundi aliyetoa kipande kimoja cha kumbukumbu na kusubiri wiki mbili hajatatua kitu bado, naye akilazimishwa kusema ametatua atafuta diski. Tunaonelea kazi hiyo iitwe uchunguzi wa hitilafu, na mwenye nyumba wa Muleba, atakapopiga simu tena, aulizwe kwanza: “Ukiipigia hodi, inaitika?”