Fremu ya Kupimiwa

Baiskeli ya dukani imetengenezewa mtu asiyekuwepo duniani, yule anayeitwa wa wastani. Sisi wengine tunajibana humo humo: tunapandisha kiti, tunashusha usukani, na maumivu ya shingo tunayaita uchovu wa safari. Fundi anayeunda fremu kwa mkono huanzia kwa mpandaji mwenyewe. Kabla hajagusa bomba anakupima kama fundi cherehani: mguu kutoka kinena hadi sakafuni, kiwiliwili, mkono, upana wa mabega. Halafu anakuuliza unapita njia gani na wapi panakuuma. Majibu hayo ndiyo yanayompa pembe za fremu.

Bomba zuri la chuma cha pua ni jembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwenye ncha, litakapoungwa, unene wake huwa kama milimita 0.8, katikati hupungua hadi 0.5. Watengenezaji wa mabomba Reynolds wa Birmingham, Uingereza, waliusajilia hataza ujuzi huo mwaka 1897, na bomba lao la 531, lililotoka mwaka 1935, mafundi wazee bado wanalitaja kwa heshima.

Kazi huanza kwa tupa. Ncha ya bomba moja lazima ichongwe mpaka ikumbatie mgongo wa jingine. Fundi huchonga kidogo, huyakutanisha, huyainua mwangani. Mwanga ukipenya, tupa inarudi kazini. Mnunuzi hatapaona hapo kamwe, na ndipo mimi ninapompimia fundi. Kisha anapaka dawa ya kulehemu, anawasha gesi na kuuzungusha moto mpaka chuma kianze kuwa chekundu. Akigusisha uzi wa lehemu ya fedha, unayeyuka na kunyonywa kwenye upenyo kati ya bomba na kiungio, ile soketi ya chuma inayovikwa kwenye ncha za mabomba. Lehemu hufuata palipo na joto, basi fundi huiongoza kwa moto tu. Akizidisha, bomba linapoteza nguvu. Akipunguza, lehemu inaganda mlangoni, ndani panabaki patupu, na rangi inaficha kosa hadi siku ya kuvunjika.

Wapo wanaodhani fremu za nyuzi za kaboni zilikuja kuufuta ufundi huu. Fundi Ernesto Colnago wa Italia anawasuta. Alifungua karakana yake Cambiago, karibu na Milan, mwaka 1954, na baiskeli ya chuma aliyomuundia bingwa wa baiskeli Eddy Merckx kwa rekodi ya umbali wa saa moja, Mexico City mwaka 1972, haikufika kilo 6. Merckx alikwenda kilometa 49.431. Mwaka 1994 Colnago akatoa C40, fremu ya kaboni ambayo mabomba yake yaligundishwa ndani ya viungio, kwa mtindo ule ule wa chuma. Mwaka uliofuata Franco Ballerini aliipanda akashinda Paris–Roubaix, mbio za barabara za mawe yanayotikisa hadi meno.

Kaboni nayo ni kazi ya mkono. Nyuzi zake zina nguvu upande zinakoelekea tu, hivyo tabaka nyingine hulazwa kufuata urefu wa bomba lisipinde, nyingine mshazari lisisokoteke mguu unapokandamiza pedeli. Mpandaji wa kilo 60 na wa kilo 95 hawapangiwi tabaka sawa. Baada ya hapo ni gundi ya epoksi, mgandamizo, tanuri, na vumbi la msasa lisilofaa kuvutwa bila barakoa.

Nikiulizwa, nitachagua chuma. Kaboni ni nyepesi, lakini ikigongwa vibaya yaweza kupasuka ndani huku rangi ikiwa salama. Chuma mara nyingi hutoa ufa unaoonekana kabla ya kukatika, na bomba bovu huweza kutolewa likawekwa jingine. (Si kwa mchomeleaji yeyote, tafadhali, moto wa kuchomelea mageti utalitoboa bomba la nusu milimita.) Mtu ambaye baiskeli ya dukani inamkaa vizuri asipoteze fedha zake. Lakini mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, anayekaa kitini saa nyingi, akimpata fundi wa kweli ampe vipimo vyake, na asimharakishe.