Mnara wa Nyuzi za Fedha

Sokoni Lushoto, ukishapita mafungu ya mapeasi na matunda damu, harufu hukuita kabla hujaiona meza ya viungo: iliki na mdalasini kutoka Amani, karafuu kutoka Muheza. Muuzaji akikufungia karafuu kwenye kipande cha gazeti, kabla hujafika nyumbani harufu imekwisha kupenya na kuingia nguoni. Ndiyo maana nawastahi sana wafua fedha waliowaza kuijengea harufu nyumba.

Wayahudi huiaga Sabato Jumamosi usiku, nyota tatu zikishaonekana. Ibada hiyo huitwa Havdala. Kuna kikombe cha divai, kuna mshumaa wenye tambi kadhaa zilizosukwa pamoja, na kuna kisanduku cha viungo kinachopita mkono kwa mkono, kila mtu anuse. Wazee wao husema siku ya Sabato mtu huongezewa roho; roho hiyo ikiondoka, harufu nzuri humliwaza. Mara nyingi ndani huwekwa karafuu. Huko Ujerumani na Poland kisanduku kilipewa umbo la mnara, wenye kijimlango ubavuni na kibendera juu ya paa. Mmoja wa Frankfurt, wa karibu mwaka 1550, ungalipo kwenye Makumbusho ya Wayahudi, New York.

Inayonishika zaidi ni ile minara iliyosukwa kwa nyuzi tupu. Fundi huanza na kijiti cha fedha, akakipitisha kwenye bamba la chuma lenye matundu, kubwa, kisha dogo, kisha dogo zaidi, akivuta kwa koleo. Fedha ikivutwa hushupaa. Asipoirudisha motoni ikalainika, hukatika. Ikishakuwa nyembamba kama uzi wa kushonea, husokota nyuzi mbili pamoja na kuzibana ziwe bapa, hata ukingo wake ukaonekana kama umepangwa punje za ulezi. Ndipo huchukua kibano, akakunja mzunguko mmojammoja na kuupachika ndani ya fremu ya waya mnene, ukae kwa kubanana tu. Mwisho hunyunyizia unga wa lehemu na kuleta moto. Lehemu hiyo huyeyuka kabla ya fedha yenyewe, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 962. Akichelewa kuondoa moto kwa kitambo cha kupepesa jicho, kazi ya siku nzima inakuwa tone. Sonara wa Lamu au Unguja angeielewa hofu hiyo bila kuelezwa.

Tena kwa karne nyingi vyama vya wafua fedha vya Ujerumani havikuwapokea Wayahudi, kwa hiyo minara mingi ya huko ilitengenezwa na mafundi Wakristo, kwa ajili ya ibada isiyo yao. Nazitazama picha zake kwa muda mrefu. Sioni mkunjo uliolegezwa.

Tarehe 21 Februari 1939 serikali ya Hitler iliwaamuru Wayahudi wasalimishe dhahabu, fedha na vito vyao. Waliachiwa pete ya ndoa, vijiko na uma vya kuhesabu, na vitu vidogo vya fedha visivyozidi gramu 40 kila kimoja, jumla gramu 200 kwa mtu. Kwenye mizani hiyo kikombe kizito hakipiti. Kisanduku kidogo cha nyuzi, ambacho sehemu yake kubwa ni hewa, chaweza kupita.

Miongoni mwa Wayahudi waliokimbilia Afrika Mashariki ni familia ya mwandishi Stefanie Zweig, iliyofika Kenya mwaka 1938 na kuishi shambani. Nairobi ilikuwa na sinagogi tangu 1913. Upande huu, miaka hiyohiyo, milima ya Usambara ilikuwa na walowezi wa Kijerumani, na chama cha Hitler kilikuwa na matawi yake Tanganyika. Mji wetu wenyewe, Lushoto, Wajerumani waliwahi kuuita Wilhelmstal.

Unguja na Pemba zimeilisha dunia karafuu tangu karne ya 19. Mkimbizi aliyeshuka Mombasa na kisanduku kitupu alikuwa amefika karibu kabisa na shina la harufu ile ya Jumamosi aliyoizoea tangu utotoni.

Jioni ukungu ukishuka kutoka msitu wa Magamba, nafungua mezani gazeti langu lenye karafuu. Punje kumi zingetosha. Kijimlango cha mnara kama ule huwa kidogo, karibu sawa na ukucha wa kidole gumba, na bawaba yake ni waya mmoja uliopitishwa kwenye vipete vyembamba.