Uhakiki wa Namna Mbili: Kamati za Vyuo Vikuu na Uidhinishaji wa Programu za Umahiri na Uzamivu nchini Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kamati za vyuo vikuu nchini Tanzania zinavyopitia na kuidhinisha kozi na programu za shahada za umahiri na uzamivu. Yakianzia kwenye maana mbili za kitenzi hakiki, yanadai kwamba ngazi za uidhinishaji zimekusudiwa kutoa uhakiki wa namna mbili: uthibitishaji wa utaratibu na upimaji wa hoja ya kitaaluma. Hata hivyo, maandishi yanayotumika katika ngazi hizo, pamoja na lugha yake, yanaipa namna ya pili nafasi finyu. Mifano inatolewa kutoka mazingira ya Moshi na kutoka programu za Kiswahili. Mwishoni yanatolewa mapendekezo matatu yasiyohitaji kuvunja mfumo uliopo.

1.0 Utangulizi

Kitenzi hakiki kina kazi mbili katika Kiswahili cha leo. Ofisa utumishi huhakiki cheti: hukilinganisha na kumbukumbu za baraza la mitihani, kisha hutamka kuwa ni halali au ni cha kughushi. Mhadhiri wa fasihi naye huhakiki riwaya: huuliza inasema nini, inakisemaje, na kama ilichokisema kilistahili kusemwa. Uhakiki wa kwanza huishia kwenye ndiyo au hapana. Uhakiki wa pili huishia kwenye hoja, ambayo msomaji mwingine anaweza kuikubali au kuipinga. Maana zote mbili zinatokana na shina moja la Kiarabu linalohusu ukweli na haki, na pengine ndiyo sababu lugha haikuona tabu kuzibebesha neno moja.

Kamati ya chuo kikuu inapoletewa andiko la programu mpya ya umahiri au uzamivu, inatakiwa kufanya uhakiki wa namna zote mbili. Inatakiwa kuthibitisha kwamba krediti zimetimia, walimu wapo na vitabu vinapatikana. Inatakiwa pia kupima kama programu hiyo ina hoja: kama kozi zake zinajenga maarifa ya aina fulani kwa mpangilio unaoeleweka, au zimekusanywa tu kutokana na walimu waliopo. Katika mazoea ya sasa uhakiki wa kwanza umeumeza wa pili. Chanzo kikubwa si uzembe wa wajumbe. Chanzo ni maandishi: aina ya andiko linaloletwa, aina ya muhtasari wa kikao unaobaki, na lugha ya vyote viwili. Jambo hili lina uzito kwa sababu programu iliyokwisha kuidhinishwa humfunga mwanafunzi kwa miaka kadhaa. Huamua atasoma nini, atasimamiwa na nani, na tasnifu yake itapimwa kwa kigezo gani.

2.0 Ngazi za Uidhinishaji

Ngazi zenyewe zinajulikana kwa kila aliyewahi kuandaa mtaala. Andiko huanzia idarani, hupita kwenye bodi ya kitivo, shule kuu au ndaki, huenda kwenye kamati au kurugenzi inayosimamia masomo ya uzamili, hufika Seneti, na kutoka hapo hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa ajili ya ithibati. Majina hutofautiana chuo kwa chuo, lakini mpangilio unafanana. Kimantiki, kila ngazi ina swali lake. Idara huuliza kama maarifa haya yapo na yanafundishika kwa mpangilio huu. Bodi huuliza yanahusianaje na yale ya idara jirani. Kamati ya uzamili huuliza kama wapo wasimamizi wenye sifa na wa kutosha. Seneti huuliza kama shahada hii inastahili kubeba jina la chuo. Tume huuliza kama inalingana na viwango vya taifa.

Ngazi hizi zimekua pamoja na historia ya elimu ya juu nchini. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London, na kauli ya mwisho kuhusu mitaala ilitoka huko. Mwaka 1963 kilijiunga na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Mwaka 1995 liliundwa baraza la ithibati la elimu ya juu, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 ikaleta Tume badala yake. Ndani ya nchi pia safari hiyo ilijirudia. Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963, kilikuwa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kuanzia mwaka 2004, hivyo shahada zake zilitolewa kwa mamlaka ya Seneti iliyoko Morogoro. Kilipopewa hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2014, Seneti ikawa yake.

Kauli ya mwisho, basi, imehama mara kadhaa na kila mara imemkaribia zaidi mwalimu na mwanafunzi. Lugha ya andiko linalotolewa kauli haikuhama nayo.

3.0 Andiko la Programu kama Utanzu

Andiko la programu ni utanzu wenye kanuni zake, kama ulivyo utenzi au barua ya posa. Lina usuli, tathmini ya mahitaji, malengo, matokeo ya ujifunzaji, jedwali la krediti, maelezo ya kila kozi, orodha ya walimu na orodha ya vitabu. Msomaji aliyezoea utanzu huu hujua mapema kila sehemu itasema nini. Kanuni hizo zina faida: humlinda mwanafunzi dhidi ya kozi iliyoandikwa kwa mistari mitatu na kumtegemea mwalimu mmoja aliye karibu kustaafu. Katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na umahiri hudai krediti zisizopungua 180, yaani saa 1,800. Hesabu hiyo humpa mwanafunzi haki ya kudai alichoahidiwa.

Tatizo huanza pale kanuni za utanzu zinapogeuka kuwa kipimo pekee cha ubora. Mfano wa wazi ni vitenzi vya matokeo ya ujifunzaji. Tangu Benjamin Bloom na wenzake walipochapisha uainishaji wao mwaka 1956, waandaaji wa mitaala wamezoea kuchagua vitenzi vinavyopimika: bainisha, changanua, linganisha, tathmini, buni. Vitenzi kama elewa na jua huondolewa kwa kuwa havipimiki. Mjumbe wa kamati asiye wa taaluma husika anaweza kuhakiki vitenzi hivyo kwa nusu saa, na akifanya hivyo ametimiza wajibu ambao fomu imempa. Hakuna safu katika jedwali inayomuuliza kama kuchanganua kunakotajwa katika kozi ya kwanza kunamwandaa mwanafunzi kwa tathmini inayotajwa katika kozi ya sita. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa alama ya vema, hivyo huachwa.

Muhtasari wa kikao unatia nguvu mwelekeo huo. Lugha yake hujengwa juu ya kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda: ilijadiliwa, ilishauriwa, iliidhinishwa kwa masharti ya kufanya marekebisho. Kiambishi i- kinachotangulia vitenzi hivi hakirejelei nomino yoyote, na mtenda hatajwi. Kwa utawala jambo hilo lina maana yake, kwani uamuzi ni wa kikao na si wa mtu. Kwa taaluma ni hasara. Mjumbe aliyesema kwamba programu haina msingi wa nadharia, na mwenzake aliyemjibu kwamba msingi upo ila umetawanywa, wote wawili hutoweka. Yanayobaki ni marekebisho yanayoweza kuorodheshwa: ukurasa wa 14 uongezewe marejeo, kozi ya tatu ipewe namba mpya. Idara inaporudi kuipitia programu hiyo baada ya mzunguko wake kumalizika, inakuta uamuzi bila hoja, na inalazimika kuanza mjadala upya kana kwamba haukuwahi kufanyika.

4.0 Moshi: Maarifa ya Kiswahili, Andiko la Kiingereza

Soweto, mojawapo ya kata za Manispaa ya Moshi, ina jina moja na eneo la Johannesburg ambalo wanafunzi wake waliandamana tarehe 16 Juni 1976 kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana. Jina hilo lingetosha kuukumbusha mji wa vyuo kwamba lugha ya masomo haijawahi kuwa suala dogo. Hali ya Moshi, hata hivyo, si ile ya Johannesburg. Hapa hakuna anayelazimisha lugha kwa bunduki. Lugha ya andiko imeachwa ilivyo kwa mazoea, na mazoea hayaandamiwi.

Ushirika unafaa kuwa mfano. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wamekuwa na chama kikuu, KNCU, tangu mwaka 1933. Katika muda huo Kiswahili kimejenga msamiati kamili wa taaluma hiyo: mwanachama, hisa, chama cha msingi, chama kikuu, mkutano mkuu, mrajis, makisio, malipo ya awali, stakabadhi ghalani. Maneno haya hayakutungwa na kamati ya istilahi pekee. Yamepimwa katika mikutano ya vyama vya msingi vya mlimani, ambako mwanachama husimama na kudai maelezo ya makato ya kahawa yake. Programu ya umahiri inayohusu ushirika inapoandikwa, maarifa hayo hulazimika kuvaa vazi la Kiingereza ili yapande ngazi za kamati. Mrajis hubaki na cheo chake, lakini hupoteza historia ambayo neno lake limebeba. Kisha mhitimu hurudi kwenye chama cha msingi na kuyatafsiri tena yote kwa wanachama. Gharama ya tafsiri hiyo ya kwenda na kurudi haitajwi katika sehemu ya rasilimali za programu.

Upande wa tiba unaonyesha jambo hilohilo kwa namna nyingine. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni mahali pa kufundishia madaktari bingwa. Kiingereza kina sababu nzito katika maandishi ya sayansi yao. Lakini historia ya ugonjwa husimuliwa na mgonjwa kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kichaga. Programu inayotaka bingwa ajue kuisikiliza simulizi hiyo haina budi kulisema jambo hilo mahali fulani katika matokeo yake ya ujifunzaji. Fomu haikatazi. Haiulizi tu.

5.0 Programu ya Kiswahili Mbele ya Kamati

Kinaya kinakuwa kikubwa zaidi pale programu yenyewe inapokuwa ya Kiswahili. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na tangu hapo imethibitika kwamba isimu na fasihi zinaweza kufundishwa kwa Kiswahili hadi uzamivu. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya mwaka 1990 iliipa kazi hiyo istilahi. Mwanafunzi hufundishwa kwa Kiswahili, huandika tasnifu kwa Kiswahili na huitetea kwa Kiswahili. Andiko linalomruhusu kufanya hayo yote, kwa kawaida, huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa miongozo na fomu ni za Kiingereza.

Athari zake si za heshima ya lugha tu. Tuseme idara inapendekeza kozi mbili, moja ya shairi na nyingine ya utenzi. Kwa Kiswahili tofauti ni bayana: bahari ni mbili, mizani ya mshororo kwa kawaida ni 16 upande mmoja na 8 upande wa pili, na historia za miswada yake zinaachana. Zikitafsiriwa, zote mbili huangukia chini ya neno moja la jumla, na mjumbe makini anaweza kushauri ziunganishwe ili kuokoa krediti. Vivyo hivyo, kozi ya mnyambuliko wa vitenzi ikifasiriwa kwa istilahi ya jumla ya uundaji wa maneno, huonekana kuwa marudio ya kozi ya mofolojia. Mjumbe hakukosea kwa alichokisoma, ila alichokisoma sicho kilichopendekezwa. Katika hali hiyo uhakiki wa pili haukosi nafasi tu. Huwa hauwezekani, kwa sababu hoja ya programu imebaki upande wa pili wa tafsiri.

6.0 Hoja za Upande wa Pili

Ziko hoja nzito za kutetea hali ilivyo. Kwanza, Seneti ina wajumbe wa fani nyingi, na Kiingereza ndiyo lugha ya kazi ya vyuo vingi. Pili, programu za Afrika Mashariki zinatakiwa kulinganishika, na watahini wa nje hutoka nchi mbalimbali. Tatu, uthibitishaji wa utaratibu ni kinga dhidi ya upendeleo: bila fomu, programu ya mwenye sauti kubwa ingepita na ya mnyonge ingekwama.

Hoja ya tatu inakubalika bila masharti. Hakuna anayetaka kuondoa uhakiki wa kwanza. Hoja ya pili ina nguvu kwa uhandisi kuliko kwa Kiswahili, kwani mtahini wa nje wa tasnifu ya Kiswahili, awe wa Nairobi au wa Ujerumani, hana budi kukisoma Kiswahili. Ama hoja ya kwanza, imepungua uzito tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Ni vigumu kueleza kwa nini lugha inayoweza kubeba hukumu ya mahakama isiweze kubeba maelezo ya kozi ya fonolojia.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mapendekezo matatu yanafuata. La kwanza ni kwamba kila andiko la programu ya umahiri au uzamivu litanguliwe na hoja ya kurasa mbili au tatu, isiyo na jedwali, inayoeleza kwa nini kozi hizi, kwa mpangilio huu, na ni fikra gani mhitimu atakuwa nayo ambayo hakuwa nayo alipoanza. Bodi ya kitivo iijadili hoja hiyo kabla ya kufungua jedwali la krediti. La pili ni kwamba muhtasari wa kikao uandike pingamizi za kitaaluma pamoja na majibu yake, hata bila majina, ili mapitio yajayo yaanzie pale mjadala ulipoishia. La tatu ni kwamba programu zinazofundishwa kwa Kiswahili ziandikwe na kupitiwa kwa Kiswahili katika ngazi zote za chuo, na tafsiri iandaliwe baada ya uamuzi kwa ajili ya wanaoihitaji.

Pendekezo la tatu linaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya. Idara yoyote ya Kiswahili inaweza kupeleka kwenye bodi yake andiko la Kiswahili likiwa na fomu ya Kiingereza kama kiambatisho, na kuiachia bodi iamue kwa kulisoma lipi. Uamuzi huo ukiandikwa pamoja na sababu zake, utakuwa hoja ya kwanza katika kumbukumbu za kamati.