Vitu Vinavyosema: Ginsi Michezo ya Video Inavyosimulia Zamani ya Ulimwengu Wake



Mu kijitabu kama hiki mmezoea kusoma habari za ndoa, za matanga, za heshima ya wafalme na za majina ya bankambo. Safari hii tunataka kusema juu ya michezo ya video. Tunajua kuna watakaotikisa kichwa: ile si desturi, ni mambo ya batoto. Tunawaomba watufuate polepole.

Hatusemi juu ya ule mpira wa ku televizyo unaojaza vyumba vya michezo mu mitaa yetu. Tunasema juu ya aina nyingine, ile ambayo mchezaji anashika nafasi ya mtu mmoja, anaingia mu inchi isiyokuwako popote, na anatembea humo masaa makumi kwa makumi. Inchi zile ziko na wafalme, na koo, na dini, na vita vya zamani. Na kijana anayezicheza anaishia kuijua ile zamani vizuri sana, bila mwalimu kumshikia fimbo.

Ulizo letu ni hili: wale mafundi walifanya ginsi gani? Jibu letu, tunalitoa tangu sasa, ni kwamba wale wanaofaulu hawamwelezi mchezaji zamani. Wanamwachia vitu vya kushika, mashahidi wasiopatana, na pengo la kujaza mwenyewe. Na njia ile, mwenye kujua desturi za Katanga haiwezi kuwa ngeni kwake.

1. Mashahidi wasiopatana

Tuanze na Morrowind, mchezo uliotolewa mwaka 2002 na Bethesda, kampuni ya Marekani. Mchezaji ni mfungwa. Anashushwa toka mashua ku kijiji kidogo kinachoitwa Seyda Neen, ku kisiwa cha Vvardenfell, na katikati ya kisiwa kile kuna mlima wa moto. Hakuna anayemkalisha chini kumfundisha historia. Mtu akimtuma mahali, anamwelekeza kwa maneno tu, sawa vile tunavyoelekezana sisi: fuata barabara, ukifika ku daraja pinda, ukikosa uliza. Basi anapotea. Na kwa kupotea anakutana na makaburi, na mahekalu, na maboma ya taifa la Dwemer, waliotoweka wote kwa mara moja, mashine zao zingali zinazunguka.

Mu mchezo ule muna vitabu mamia, na mchezaji anaweza kuvifungua na kuvisoma. Hapa njo mafundi walionyesha akili. Jambo kubwa la zamani ya ile inchi ni kifo cha Nerevar, mkuu wa vita, ku Mlima Mwekundu. Hekalu linafundisha kwamba alikufa kwa vidonda vya vita, na kwamba washauri wake watatu, Vivec na wenzake, walipata umungu kwa utakatifu wao. Watu wanaohamahama mu jangwa la majivu wanasema hapana, ni wale washauri njo walimuua. Makuhani walioasi Hekalu wanaficha maandishi yenye kusimulia vingine tena. Hata mu mahubiri 36 ambayo Vivec aliandika kwa kujisifu, muna ungamo la kuua lililofichwa. Mwenye kuhesabu maneno kwa uvumilivu analipata. Mchezo wenyewe haukati kesi. Mchezaji anafika mwisho, anashinda adui, na bado hana hakika kama yeye kweli ni Nerevar aliyezaliwa upya, ao kama ni mtu tu aliyetumwa na kaizari wa mbali kwa sababu za siasa.

Juu ya nini tunaamini inchi ile kuliko nyingine nyingi? Kwa sababu hadisi moja, laini, isiyokuwa na mpinzani, inasikika kama imetungwa. Lakini tukisikia tatu zinazogongana, tunaanza kuona kwamba pale chini kuna kitu kilitokea, maana batu habagombanie kitu cha bure. Mzee aliyekaa ku kesi ya mpaka wa shamba anajua hilo kuliko fundi yeyote wa ordinateri.

Ndugu zetu wa Kivu nao wanalijua kwa njia ya Mwindo. Hadisi ya shujaa yule wa Wanyanga, alivyoisimulia mzee Shekarisi Rureke mwaka 1956, ilitoka mu kitabu mwaka 1969 kwa kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mwaka 1978 Biebuyck akatoa masimulizi mengine ya Wanyanga, na Mwindo wa mle si yule yule wa kwanza kila mahali. Kutofanana kule hakukumpunguza Mwindo. Kulionyesha kwamba hadisi ilikuwa mikononi mwa wengi, na kila mmoja alijibu kwa ajili yake.

2. Vitu vinavyobeba neno

Njia ya pili tunaiona mu Dark Souls, mchezo wa kampuni ya FromSoftware ya Japani, uliotoka mwaka 2011 chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Ku mwanzo unasikia maneno machache juu ya moto wa kwanza, juu ya majoka na mabwana waliowapindua. Kisha karibu kimya. Lakini kila kitu unachookota, pete, upanga, kofia ya chuma, hata majani ya dawa, kiko na mistari michache ya maandishi. Zamani yote ya inchi ya Lordran imevunjwa vipande vipande na kutawanywa mu vitu vile.

Tutoe mfano mmoja. Gwyn, mkubwa wa wale mabwana, alikuwa na mzaliwa wa kwanza. Maandishi ya pete moja yanasema kwamba alikuwa mungu wa vita, na kwamba kwa upumbavu wake alifutwa mu kumbukumbu na kunyang'anywa umungu. Jina halitajwi. Mahali pengine unakuta madhabahu, na sanamu yake imebomolewa. Ni hayo tu. Wachezaji walibishana miaka mitano. Mwaka 2016, mu sehemu ya tatu ya mchezo, akatokea mfalme mmoja asiye na jina, anayepanda joka, na wengi wakasema: njo yeye. Mwana wa yule aliyeua majoka alikuwa amekwenda ku upande wa majoka. Hata pale, hakuna mtu mu mchezo aliyewatamkia neno lenyewe. Walilifikia wao.

Miyazaki alipata kueleza waandishi wa habari kwamba alipokuwa mtoto alikuwa anasoma vitabu vya Kiingereza vilivyompita nguvu. Alipokosa kuelewa, alijaza pengo kwa mawazo yake. Kila mmoja wetu aliyefungua kitabu cha Kifaransa mbele ya kukijua Kifaransa anaelewa ile shule. Kwa mchezo wake Elden Ring, uliotoka mwaka 2022, aliomba mwandishi Mmarekani George R. R. Martin atunge historia ya kale ya ulimwengu ule. Kisha watu wa FromSoftware wakaivunja tena vipande, sawa vile wamezoea.

Sisi watu wa Lubumbashi hatuna sababu ya kushangaa. Miaka ya 1970 sebule nyingi za mji huu zilikuwa na picha ya ukumbusho ku ukuta: Mamba Muntu na nywele zake ndefu, ao Colonie belge na mfungwa anayepigwa fimbo. Picha haikujieleza. Mgeni aliuliza, “Na huyu ni nani? Juu ya nini banamupiga?” na mwenye nyumba akaanza kusema. Picha ilikuwa mlango, na neno lilikuwa ndani ya mtu.

3. Ubao wa lukasa

Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni lukasa ya Baluba. Ni ubao mdogo, unaotosha mkononi, umepigiliwa shanga na mara nyingine makombe, ao umechongwa alama. Walioutumia ni watu wa chama cha Mbudye, na hasa wale walioitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Msomaji alishika ubao kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia ku shanga, na neno likatoka: Nkongolo Mwamba, mfalme mkali na mlevi, Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki na desturi za adabu, mtoto wake Kalala Ilunga, aliyesimamisha ufalme. Shanga moja kubwa yenye kuzungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia ya safari.

Angalieni neno hili, “inaweza”. Ubao haukuwa kitabu cha herufi. Ubao mmoja ulisomwa vingine siku ya kusimika mfalme, na vingine siku ya kesi. Wasomaji wawili hawakusema sawasawa. Kwa hiyo fundi wa Japani aliyetawanya zamani mu pete na panga, akawaachia watu wabishane, alifika mahali ambapo wazee wa ku ikulu ya Luba walikuwa wamekwisha kufika kwa njia yao. Hatusemi aliwaiga. Tunasema ulizo ni moja, na majibu yanafanana: zamani inakaa vizuri mu kitu kinachodai kusomwa.

4. Pale michezo inapokosa

Tusifikiri kwamba kila mchezo unajua hayo. Dragon Age: Origins ya kampuni ya BioWare ya Kanada, ya mwaka 2009, ina jambo moja zuri sana: unachagua asili moja kati ya 6, na inchi inakupokea kulingana na ulivyozaliwa. Mtoto wa mkubwa na mtoto wa mtaa wa wadharauliwa hawaoni mji kwa jicho moja. Ile ni historia unayoisikia ku ngozi. Lakini mchezo ule ule unakujazia mfuko wa kurasa za maelezo. Unagusa sanamu, ukurasa unaingia. Unafungua sanduku, ukurasa unaingia. Kurasa nyingine ziko nzuri, maana zimeandikwa na watu wa ulimwengu ule wenye upendeleo wao. Lakini wingi wao unachosha, na mchezaji anazikusanya sawa vile mtu anakusanya risiti.

Bethesda nayo, mu Oblivion ya mwaka 2006, ilimpa mchezaji alama inayomwonyesha kila mara pa kwenda. Ni faida kwa mwenye haraka. Lakini asiyepotea haulizi, na asiyeuliza hasikii hadisi ya mtu wa njiani.

Kuna pia mchezo wa Waafrika, na hatutaki kuupita kimya. Aurion: Legacy of the Kori-Odan ulitolewa mwaka 2016 na Kiro'o Games ya Yaoundé, ku Kameruni. Enzo, mwana wa mfalme wa Zama, ananyang'anywa kiti na shemeji yake, naye anapata nguvu zake ku urithi wa bankambo. Wazo ni letu kabisa, na tunalipongeza. Ila tunaona kwamba sehemu kubwa ya hekima ile inapita mu mazungumzo marefu. Wahusika wanasimama, wanaeleza, mchezaji anasubiri. Tulipenda urithi ule tuupapase kwa mikono zaidi kuliko kuhubiriwa.

Na kuna kosa moja ambalo hata michezo bora haiponi. Mu Lordran kila mtu anaweza kusema lolote juu ya pete, na hakuna linalomgharimu. Mu Mbudye haikuwa hivyo. Mtu alipanda ngazi za mafundisho mbele ya kupewa haki ya kusoma ubao, na aliyesoma alisema mbele ya watu ambao wangeweza kumkatalia, juu ya mfalme na kiti chake. Pengo la lukasa lilikuwa na mlinzi. Pengo la mchezo liko wazi kwa kila mpita njia, na zamani yote ya ulimwengu ule mwishoni inamtumikia mtu mmoja, mwenye kushika vidude vya kuchezea.

5. Tuseme nini kwa mwisho?

Tunawajua vijana wanaoweza kukutajia watoto wa Gwyn mmoja mmoja, lakini hawawezi kusema Mbidi Kiluwe alitoka upande gani. Rahisi ni kuwagombeza. Sisi tunaona afadhali kuuliza kwanza: zamani ya Lordran iliwapata mikononi, ndani ya kitu. Ya kwao iliwapata ginsi gani? Mara nyingi iliwapata mu orodha: mfalme huyu, mtoto wake huyu, mwaka huu. Orodha inahifadhi majina, na ni kazi ya lazima, lakini haimfanyi mtu aulize.

Leo mbao za lukasa zimewekwa mu vioo vya makumbusho ya ku Ulaya na Marekani. Chini yake muna karatasi ndogo: mbao, shanga, Luba. Ni kitu cha mu mchezo kilichobaki na jina bila maandishi, na hakuna kidole kinachopita juu yake. Hatuwezi kuzivunja kamera na vioo vile. Lakini vitu bado viko mu nyumba zetu: kiti cha babu, jembe la mahari, ngoma iliyopasuka, picha ya ukumbusho iliyoliwa na moshi. Na watu wawili ao watatu wanaojua kuvisoma bado wako, ijapokuwa hawapatani.

Basi kijana aliyezoea kusoma pete za Lordran tayari ameshika nusu ya kazi: anajua kuangalia kitu na kusema, “Hii iko na hadisi.” Nusu ya pili ni ya mzee, na mchezo hauwezi kumpa. Mmpe kile kitu ashike. Msimweleze yote. Mumuache aulize kwa mzee mmoja, kisha kwa wa pili anayekataa maneno ya wa kwanza. Wakigombana mbele yake, msiogope: pale njo atajua kwamba mambo yale yalitokea kweli.